Dawa Iliyomkataa Mgonjwa

Mzee yule alikuwa na mwezi wa pili tangu aanzishiwe dawa. Alisubiri foleni ya dirisha la dawa ipungue, akasogea, akaliweka kopo lake mbele yangu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mwanangu, dawa hii imenikataa.” Nikamuuliza imemkataa vipi. Akasema usiku anaota ndoto za kutisha, anapiga kelele usingizini mpaka mkewe anamwamsha, na asubuhi akisimama chumba kinazunguka; juzi alianguka mlangoni akitoka kwenda msalani. Dawa yenyewe ilikuwa ile ya mchanganyiko wa dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, yenye efavirenz miligramu 600, iliyokuwa ikitolewa karibu kila CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, nchini miaka ile. Nikamwambia nilichofundishwa kumwambia: ameze usiku anapokwenda kulala, asile vyakula vya mafuta mengi karibu na muda wa dawa, avumilie, mwili utazoea. Akanishukuru. Tarehe yake ya kurudi ilipofika hakuja, na iliyofuata pia hakuja.

Leo naelewa nini huenda kilikuwa kikiendelea ndani ya mwili wake. Efavirenz husafishwa na ini, na kimeng'enya kinachobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo kinaitwa CYP2B6. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni inayokitengeneza, moja ya baba na moja ya mama. Kuna badiliko dogo katika jeni hiyo linalokifanya kimeng'enya kizembee, na limeenea sana Afrika. Watafiti wa Harare, Collen Masimirembwa akiwa miongoni mwao, walichapisha mwaka 2008 kwamba karibu nusu ya nakala walizozipima kwa Wazimbabwe zilikuwa nalo. Watafiti wa Muhimbili na wa Makerere, wakishirikiana na wenzao wa Karolinska nchini Sweden, wakalikuta kwa wingi Tanzania na Uganda pia. Mtu aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama akimeza miligramu 600 kila usiku, dawa ya jana inakuwa haijaisha mwilini wakati ya leo inaingia. Inarundikana. Ndoto zinakuja, kizunguzungu kinakuja, wengine ini linaumia. Kumwambia mtu kama huyo avumilie ni kumwambia asubiri gunia lipungue huku kila usiku anaongezewa debe.

Sisi wenye Kiswahili tuna usemi wetu siku zote: dawa imemkataa, dawa haijamkubali, damu yake haipatani na dawa hiyo. Wazazi wetu waliutumia enzi za klorokwini, kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001 kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu ndani ya nyumba moja mtoto mmoja alimeza akalala usingizi wake, mwenzake akajikuna usiku kucha kama aliyemwagiwa upupu. Tulipofika vyuoni tukafundishwa kuyatafsiri maneno hayo kuwa “maudhi madogo madogo”, tukayaandika hivyo na kupita. Lakini famakojenetiki, yaani elimu ya namna vinasaba vinavyobadili utendaji wa dawa, inasema jambo lilelile alilolisema mzee dirishani: dawa ni ileile, dozi ni ileile, miili ni tofauti, na sehemu ya tofauti hiyo mtu amezaliwa nayo.

Naandika haya kwa sababu kumekuwa na mtindo wa kuwapima wafamasia kwa madodoso: wanajua nini na wanaonaje kuhusu kupima vinasaba kabla ya kutoa dawa. Uchunguzi wa aina hiyo umefanyika Marekani, Ulaya, nchi za Kiarabu, Nigeria. Wa Zimbabwe ulichapishwa mwaka 2017 na uliwahusisha wafamasia pamoja na wanafunzi wa famasia. Ukisoma kadhaa kwa mfululizo unaanza kuona kama unasoma mmoja tu. Wafamasia wanaona jambo hili ni jema, wanaamini lina faida kwa mgonjwa, wako tayari kujifunza. Ukiwauliza dawa ipi inahusiana na jeni ipi, wengi wanakwama. Ukiwauliza kama wanaweza kuchukua majibu ya kipimo na kumshauri daktari abadili dozi, wengi zaidi wanarudi nyuma.

Watu hufurahia sehemu ya kwanza ya matokeo hayo. Mimi haifiki kunifariji. Kuweka alama ya vema kwenye “nakubali kabisa” hakugharimu kitu. Mfamasia anaiweka, anarudisha karatasi, anarudi dirishani kwake na kumwambia mzee avumilie. Isitoshe, ujuzi unaoulizwa kwenye madodoso haya mara nyingi ni wa mifano iliyozoeleka Ulaya na Marekani. Mfamasia wa Songea au wa Webuye anaweza kuikosa mifano hiyo yote akaonekana hajui, au akaipata yote akaonekana anajua, na katika hali zote mbili asiwe na lolote la kumwambia mama anayemeza isoniazid, dawa ya kifua kikuu, akilalamika nyayo zinawaka moto.

Hapo kwenye isoniazid nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoona kosa letu kwa ukaribu. Isoniazid husafishwa na kimeng'enya cha NAT2. Tangu miaka ya 1950 ilijulikana kwamba baadhi ya watu huiondoa haraka na wengine polepole, na huko Afrika Mashariki wale wa polepole ni wengi, takriban nusu ya watu. Kwao dawa hukaa juu kwa muda mrefu, na inapokaa juu huupora mwili vitamini B6. Ndipo ganzi inapoanza, vidole vya miguu vinachoma, mtu anashindwa kuvaa viatu. Ndiyo sababu tunatoa kile kidonge kidogo cha B6 pamoja na isoniazid. Hatumpimi mtu NAT2. Tunajua wa polepole ni wengi, kwa hiyo tunamkinga kila mmoja. Ni famakojenetiki iliyokwisha kufanyiwa kazi na kuwekwa ndani ya kidonge cha bei ndogo.

Sasa simama nyuma ya dirisha siku B6 imeisha. Anayetoa dawa anaangalia rafu, anaona isoniazid ipo, anampa mgonjwa na kumwambia, “Ile ya vitamini haipo, utapata mwezi ujao.” Anaisema bila wasiwasi, maana kwake ile ni “ya vitamini” tu, kitu cha kuongeza nguvu. Nimeisikia sentensi hiyo zaidi ya mara moja, na mtoaji hakuwa mzembe. Hakuna aliyemweleza kwamba kidonge kile ndicho kinachosimama kati ya nusu ya wagonjwa wake na neva zilizoharibika. Angejua, angepiga simu kituo jirani, angeazima, angemwandikia mgonjwa akanunue duka la dawa la karibu. Upungufu wa ujuzi unaozungumzwa kwenye majedwali unafanana na hivyo ukiuona uso kwa uso.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Tumeichukua famakojenetiki kana kwamba ni mashine ya kupima vinasaba ambayo siku moja itafika hospitalini kwetu, na mtazamo wetu mzuri ni wa kuisubiri hiyo mashine. Kumbe kumpima mgonjwa mmoja mmoja ni matumizi ya mwisho ya elimu hii. Kabla yake yapo mawili yasiyohitaji mashine yoyote dirishani, na yote mawili yanamtaka mfamasia ajue jeni za watu anaowahudumia.

La kwanza ni kuiondoa dawa isiyowafaa watu wako, au kutoiingiza kabisa. Kodeini haitulizi maumivu mpaka kimeng'enya cha CYP2D6 kiigeuze kuwa mofini. Mwaka 1996 watafiti waliripoti kwamba kati ya Waethiopia waliowapima, kiasi cha asilimia 29 walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo. Mwili wa namna hiyo unaweza kuigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kiasi cha mtoto kuacha kupumua. Marekani iliweka onyo kali mwaka 2013 baada ya vifo vya watoto waliopewa kodeini baada ya kuondolewa tezi za koo, na mwaka 2017 ikazuia isitumike kwa walio chini ya miaka 12. Ethiopia haikusubiri kumpima kila mtoto. Mwaka 2015 mamlaka yake ya dawa iliipiga marufuku kodeini. Uamuzi kama huo hufanywa na kamati, na ndani ya kamati lazima awepo mtu anayejua kwa nini takwimu za jeni za nchi yake zina uzito. Mtu huyo kwa kawaida anapaswa kuwa mfamasia.

Upande wa pili wa shilingi ni Lapdap. Ilikuwa dawa ya malaria ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa kuilenga Afrika, mchanganyiko wa chlorproguanil na dapsone, ikasajiliwa Uingereza mwaka 2003. Dapsone inafahamika kwa miaka mingi kwamba huvunja chembe nyekundu za damu za watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao umeenea palepale malaria ilipoenea, kwa sababu ulimpa aliye nao kinga fulani dhidi ya ugonjwa huo. Yaani dawa ilipelekwa kwenye watu walewale ambao jeni zao zilikuwa na sababu ya kihistoria ya kutopatana nayo, katika zahanati zisizo na kipimo cha G6PD. Majaribio yaliyofuata yalionyesha damu za wagonjwa wenye upungufu huo zikishuka kwa kiasi cha kutisha, na mwaka 2008 ikaondolewa. Kila nikimfundisha mwanafunzi wa famasia naanza na kisa hiki kabla ya kumtajia kipimo chochote.

La pili ni kurekebisha dozi ya wote. Primakwini inayotolewa mara moja kuzuia maambukizi ya malaria kwenda kwa mbu ilikuwa na hofu ileile ya G6PD. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya mwili, ndogo kiasi kwamba haikuhitajika kumpima mtu kwanza. Hata efavirenz yenyewe: jaribio lililoitwa ENCORE1 lilionyesha mwaka 2014 kwamba miligramu 400 zinafanya kazi sawa na 600. Watafiti wa Afrika waliokuwa wakitazama CYP2B6 walikwisha kusema miaka kadhaa nyuma kwamba 600 ni nyingi mno kwa watu wengi wa huku. Halafu ikaja dolutegravir, dawa nyingine ya VVU, kuanzia 2018 na 2019, ikaisukuma efavirenz pembeni kwa sababu nyingine, na suala likazimika lenyewe. Mzee wangu alikuwa ameshaacha kuja kliniki.

Sasa kuhusu kupima mtu mmoja mmoja. Sipingi, najua kinakoelekea. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya uchunguzi wa PREPARE uliofanyika katika nchi 7 za Ulaya kwa wagonjwa 6,944. Wenye bahati ya kuangukia upande wa kupimwa walisomwa jeni 12 ili kuongoza dozi zao, wakapewa na kadi ya kutembea nayo, na madhara ya maana ya dawa yalipungua kwao kwa takriban asilimia 30. Miongoni mwa nchi hizo ni Uholanzi, ambako kazi ya kuandika miongozo ya dawa na jeni ilianzishwa na chama cha wafamasia mwaka 2005. Leo mfamasia wa huko akiingiza dawa kwenye kompyuta na mgonjwa ana jeni isiyopatana nayo, onyo linatokea kwenye skrini na dozi mbadala inapendekezwa. Wafamasia hawakusubiri madaktari wawape ruhusa. Walikaa wakasoma makala, wakabishana, wakaandika.

Lakini kipimo kikihamishwa kutoka kwa watu wengine bila kuulizwa maswali kinaweza kutudhuru, na ushahidi tunao. Warfarin ni dawa wanayoishi nayo wagonjwa waliobadilishiwa valvu za moyo, wakiwemo wanaohudumiwa pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ukizidisha mtu anavuja damu ndani, ukipunguza damu inaganda kwenye valvu. Mwaka 2013 yalitoka majaribio mawili makubwa ya kupanga dozi yake kwa kutumia jeni. La Ulaya lilionyesha faida. La Marekani, lililoitwa COAG, halikuonyesha faida kwa jumla, na kwa wagonjwa weusi mambo yalikuwa mabaya zaidi: waliopangiwa dozi kwa jeni walikaa kwenye kiwango salama asilimia 35.2 tu ya muda, wakati wenzao waliopangiwa bila jeni walifika asilimia 43.5. Kupimwa kuliwarudisha nyuma. Sababu inayotajwa sana ni kwamba kipimo kilitafuta mabadiliko mawili ya jeni ya CYP2C9 yaliyo mengi kwa Wazungu, kikaacha yale ambayo watu wenye asili ya Afrika wanayo, yanayopewa namba 5, 6, 8 na 11. Majibu yakarudi yameandikwa “kawaida”. Kwa mgonjwa mweusi neno hilo lilikuwa na maana kwamba hakuna aliyemtazama.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa vipimo akija na kipeperushi chake kizuri, na watakuja, swali la kwanza la mfamasia liwe: kipimo hiki kinatafuta mabadiliko yapi, na yalipatikana kwa watu gani? Huo ndio ujuzi ningependa kuuona ukiulizwa kwenye dodoso.

Na tusije tukajidanganya kwamba ukishasema “Waafrika” umemaliza. Abacavir ni dawa ya VVU inayotumika sana kwa watoto wetu. Watu wenye jeni ya HLA-B*57:01 wako hatarini kupata mzio mkali unaoanza na homa, upele, kutapika, kukosa pumzi. Akiacha dawa kisha akairudia anaweza kufa ndani ya saa chache. Ulaya humpima kila mtu kabla ya kumpa. Huku tuliambiwa jeni hiyo kwa Waafrika ni nadra. Kisha data za vinasaba zilizokusanywa kwa makabila mbalimbali zikachapishwa mwaka 2010: kwa Wayoruba wa Nigeria ilikuwa asilimia 0, kwa Waluhya wa Webuye asilimia 3.3, na kwa Wamasai wa Kinyawa, Kenya, asilimia 13.6. Kiwango hicho cha Wamasai ni kikubwa kuliko cha Wazungu ambao kipimo kilitengenezwa kwa ajili yao. Mfamasia wa Kajiado au wa Longido anayemkabidhi mama wa Kimasai abacavir ya mtoto wake anapaswa kuijua namba hiyo kama anavyoijua bei ya parasetamoli. Si lazima awe na mashine. Anahitaji kumwambia mama, kwa maneno anayoyaelewa: mtoto akipata homa na upele wiki hizi sita za mwanzo mlete haraka, usimwachishe wala kumrudishia dawa wewe mwenyewe nyumbani.

Kuna kikwazo kingine ambacho madodoso ya Ulaya hayakiulizi kwa sababu kwao hakipo. Kwetu neno DNA lina kesi ndani yake. Ukimwambia mtu “tupime vinasaba vyako”, anachokisikia ni mtoto wa nani, ni Mkemia Mkuu wa Serikali, ni ndoa inayovunjika. Niliwahi kumuona baba akikunja karatasi ya kuombwa ridhaa ya utafiti na kuirudisha mezani kwa upole, akisema nyumbani kwake wako salama, hakuna haja ya kuchokonoa. Aliyemhudumia alikuwa amemsomea maelezo yote kama yalivyoandikwa na hakuwa ameona kosa lolote. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009 na ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022. Kenya ina ya taarifa binafsi tangu 2019. Sheria ni muhimu, lakini baba yule hakuwa akiogopa kukosa sheria. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba kipimo hiki kinaangalia namna ini lake linavyoishughulikia dawa moja, hakigusi swali la uzazi, na majibu yatakaa wapi. Mtu huyo anatakiwa awe ameyazoea maneno hayo kwa Kiswahili chepesi, na Kiswahili hicho hakifundishwi darasani.

Ningekuwa na sauti kwenye Baraza la Famasi ningeomba mambo machache yasiyohitaji mfadhili. Mafunzo endelevu yanayotupatia alama za kuhuisha leseni yawe na somo la jeni za hapa: CYP2B6, NAT2, G6PD, CYP2D6, hizo za CYP2C9 za kwetu, na HLA-B*57:01. Siku mbili zinatosha. Watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanza Ruvuma mwaka 2003 na ambao leo ndio unaowafikia watu wengi wa vijijini, wapewe walau G6PD na isoniazid, kwa lugha yao. Na ile fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ijazwe. Inajazwa kwa uvivu mno. Taarifa za dawa zilizowakataa watu zikikusanyika kwa miaka kumi kutoka wilaya moja, mtafiti wa jeni anajua aende kupima wapi na nini. Zisipokusanywa, ataletewa orodha ya kupima kutoka mahali pengine.

Huko Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, upungufu wa G6PD unawagusa kiasi cha robo ya wanaume, na elimu yake imeshuka mpaka majumbani: wazazi wanajua dawa za kuepuka, wanajua na maharage ya ful. Bibi wa huko anaweza kumkatiza mfamasia kabla hajafungua kabati. Kwetu upungufu huo upo, hasa kwenye maeneo ya malaria, lakini jina lake halijafika sebuleni.

Miaka michache iliyopita alikuja mama na kijana wake wa miaka kumi na saba aliyekuwa ameanzishiwa dawa za ukoma, zenye dapsone ndani yake. Wiki ya pili. Kijana alikaa kwenye benchi, ameinamisha kichwa, midomo imepauka. Mama alikuwa amebeba mkojo wake kwenye chupa ndogo ya maji, ameifunga ndani ya kitenge ili watu wasiione. Akaifungua juu ya kaunta. Ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Safari hii sikumwambia mtu avumilie. Nilimwita daktari, dawa ikasimamishwa, kijana akapelekwa kupimwa damu. Tulipokuwa tukisubiri majibu nikakaa na mama pale kwenye benchi, nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimejifunza kuuliza. G6PD hukaa kwenye kromosomu ya X, mtoto wa kiume huipata kwa mama yake peke yake, kwa hiyo ukitaka kuufuata upungufu huo ndani ya ukoo unapandia upande wa mama.

“Mama, mjomba wake huyu, dawa zimewahi kumkataa?”

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema ndiyo, kaka yake mkubwa, akiwa kijana, alipewa vidonge vya malaria, macho yakawa ya manjano, akaishiwa damu mpaka akaongezewa chupa mbili. Dawa gani hakukumbuka. “Tuliambiwa malaria imempanda,” alisema. “Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kaka yangu.” Nikachukua faili la kijana, nikaandika kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Halafu nikamuuliza kaka yake anaishi wapi, na kama ana wadogo wengine wa kiume.